Usalama wa utambulisho ufundishwe kwa programu huria

Mhariri,

Vijana wanaosoma kompyuta hapa Tanga wanatamani kuwa wasanifu wa mifumo, lakini wengi bado wanatengeneza sehemu ya kuingilia wenyewe kuanzia sifuri: jedwali la watumiaji, nywila zilizopitishwa kwenye MD5 (njia ya zamani ya kugeuza nywila kuwa alama zisizosomeka), kazi imekwisha. Mifumo ya aina hiyo ndiyo inayoishia kwenye saccos na zahanati, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. MD5 ni nyepesi mno. Mwizi wa jedwali hubahatisha mamilioni ya nywila kwa sekunde. Argon2, njia ya kazi hiyohiyo iliyoshinda shindano la kuficha nywila la mwaka 2015, imefanywa nzito na yenye kula memori kwa makusudi.

Naomba walimu wawape Keycloak, programu huria ya kusimamia watumiaji na kuingia kwao kwenye mifumo, iliyotoka mwaka 2014 na ambayo tangu 2023 iko chini ya CNCF, taasisi inayolea programu huria. Laptopu ya memori ya GB 8 inatosha. Weka Java, washa kwa amri ya start-dev, fungua eneo jipya la watumiaji (lile la master ni la wasimamizi, liache), kisha sajili programu moja itakayotumia Keycloak kuingiza watumiaji. Anwani ya kurejea, yaani anakorudishwa mtumiaji baada ya kuingia, iandikwe kamili. Ukiweka kinyota (*), kinachokubali anwani nyingi, ili usisumbuke, umempa mwizi nafasi ya kuufanya msimbo wa kuingilia utumwe kwake.

Tokeni, kibali cha kidijitali anachopewa mtumiaji aliyeingia, huja na uhai wa dakika 5. Wako wanaozirefusha hadi siku kadhaa, na hilo ni kosa kubwa: kwa kawaida programu huhakiki sahihi ya tokeni bila kuiuliza seva, hivyo karani aliyeachishwa kazi asubuhi ataendelea kuona akaunti za wanachama mpaka muda uishe.

Zingatieni saa pia. Tarakimu 6 za simu, zinazoombwa baada ya nywila kama hatua ya pili na zinazobadilika kila sekunde 30, hukokotolewa kutokana na ufunguo wa siri pamoja na saa. Umeme ukikatika na betri ya CR2032 ya saa kwenye bodi imekufa, seva huamka na tarehe ya zamani na kila mtu hukataliwa, nywila zikiwa sahihi. Msizime hatua ya pili! Badilisheni betri, washeni NTP (huduma ya kusahihisha saa kupitia mtandao), ruhusuni kipindi kimoja cha sekunde 30 mbele na kimoja nyuma.

Kisha kijana achangie kwenye Keycloak yenyewe. Achague hitilafu moja iliyoripotiwa, airudie kwenye toleo lililotajwa, aandike jaribio linaloshindwa, ndipo arekebishe. Kazi hiyo hubaki wazi kwa jina lake, na mwajiri wa Dar es Salaam au Berlin anaweza kuisoma mstari kwa mstari. Akigundua tundu la usalama asilitangaze hadharani. Awaandikie watunzaji kwa faragha, akitaja toleo, hatua na madhara, asubiri kiraka kitoke.

Mdau wa programu huria,
Ngamiani, Tanga