Salamu za Pasaka kutoka Louisville, Marekani

Tumsifu Yesu Kristo! Baba, mama mkubwa, wajomba na mashangazi, wadogo zangu na jumuiya yote huko Kigoma: Kristo amefufuka, aleluya. Heri ya Pasaka. Mimi na watoto hatujambo, tunamshukuru Mungu.

Ni Pasaka ya kwanza bila mama mdogo. Alituacha katikati ya Kwaresima, na mazishi yake niliyatazama kwenye simu, nimejifungia chooni kazini, mtandao ukikatika kila walipoinua jeneza. Tangu siku ile sijasonga ugali wa muhogo. Maisha nayo yamepanda: kodi ya nyumba imeongezwa tena, na mayai ya watoto mwaka huu nimenunua nusu trei. Najua na huko sukari haishikiki.

Huku msimu wa besiboli unaanza. Mzee mmoja ninayepakia naye mizigo zamu ya usiku, mzaliwa wa hapa hapa, akiniona nimenuna hunisimulia timu ya zamani ya mji huu, Louisville Colonels, utadhani naye alikuwepo. Mwaka 1889 walishinda mechi 27 wakafungwa 111, na kuna wakati walifungwa 26 mfululizo! Tajiri wa timu akawa anawatoza faini, wengine wakagoma. Halafu Machi 27, 1890, siku kumi tu kabla ya Pasaka, kimbunga kikapita katikati ya mji usiku, kikaua watu zaidi ya 70, wengi wao ndani ya ukumbi mmoja. Mpigaji wao hodari, Pete Browning, naye alishahamia Cleveland.

Ungeulizwa Pasaka ile, ungeitabiria nini timu hiyo? Mimi ningesema ivunjwe tu. Kumbe msimu ule ule wakatwaa ubingwa, ushindi 88, vipigo 44. Chicken Wolf, aliyewahi kubebeshwa ukocha katika mwaka ule wa aibu, akaongoza ligi nzima kwa kupiga mpira. (Ndiyo, jina la utani “Kuku”. Watoto wamecheka mpaka basi.)

Mzee mwenyewe hunionya nisizidishe chumvi: nyota wa timu nyingi walikuwa wamekimbilia ligi mpya iliyoanzishwa na wachezaji wenyewe, na Brooklyn, mabingwa wa 1889, walihama ligi. Njia ilikuwa nyeupe. Hata hivyo mimi nimeishika habari hii, kwa sababu mwaka huu sina nyingine.

Basi wapendwa, tusikate tamaa. Mfiwa asiachwe peke yake. Mwenye deni asimkimbie jirani, amwendee wazungumze. Vijana, acheni kubeti, rudini kwaya. Na yale maneno ya shamba la marehemu, nawasihi kwa magoti, yaishe kabla ya arobaini yake. Mama yule alitulisha sote kwenye sinia moja, leo tugombee mipaka ya michikichi?

Nawatakia Pasaka yenye amani, afya na baraka tele. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Nitapiga Jumatatu, kwenu ikiwa jioni. Baba msimpe simu mkononi, siku hizi hasikii vizuri, mshikieni sikioni. Na aliyebaki na kanga ya mama mdogo, ile ya bluu, naomba aniwekee.