Wanaume nao wapimwe presha, wafuatwe kwenye mizani ya korosho

Ndugu mhariri,

Naandika kutoka Nanyamba huku Mtwara, naomba nafasi niseme hili la presha maana linatumaliza. Juzi kati nesi wa zahanati alipita nyumbani kumwangalia bibi, yeye dawa anameza miaka sasa, akakutwa na 146 kwa 88, imepanda kidogo, afu mama akamwambia mjomba na wewe kaa hapo. Mjomba akasema mimi natoka shamba kupuliza salfa sasa hivi, naumwa nini? Nesi akamwambia pumzika kwanza dakika 5, egemea kiti, miguu chini, usiongee. Mashine ikasoma 184 kwa 112. Mkono wa pili ikawa vilevile. Na kichwa hakimuumi, kizunguzungu hana, hana chochote!

Mjomba ana miaka 53 na ile ilikuwa mara yake ya kwanza kufungwa ule mpira mkononi. Mama yeye kazaa watano, na kila akienda kliniki ya wajawazito alikuwa anapimwa, kule wanaogopa kifafa cha mimba. Mwanaume kliniki yake iko wapi? Hata takwimu za dunia za 2019 zinaonyesha hivyohivyo, kati ya wenye presha wa miaka 30 hadi 79, wanawake ambao yao imeshuka ikatulia ni kama 23 kwa kila 100, wanaume 18. Wote wachache jamani. Na sisi wanawake tusijisahau, hedhi ikishakoma presha nayo inaanza kupanda, na huo ndo umri ambao kliniki ya wajawazito hatuendi tena.

Nyumbani siku hizi papa wa chumvi mama anamlowesha usiku kucha na maji anamwaga mara mbili ndo anapika, maana chumvi inayoshauriwa kwa siku nzima haizidi kijiko kimoja cha chai na sisi huku ng'onda na papa ndo mboga. Mjomba baada ya wiki kadhaa za kumeza dawa kashuka 138 kwa 86 akataka kuacha dawa eti kapona, mpaka nesi akamwelewesha kwamba imeshuka kwa sababu ya hicho kidonge, akiacha inarudi palepale, na kiharusi hakipigi hodi.

Sasa ombi langu kwa halmashauri zetu za Mtwara na Lindi. Msimu wa korosho wanaume wanashinda kwenye chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima unaopokea korosho, wakisubiri mizani, wamekaa tu juu ya magunia. Korosho inapimwa uzito, inapimwa na unyevu, mwenye korosho hapimwi! Nesi mmoja, meza na mashine yake, siku za kupokea mzigo tu, na atakayekutwa na 140 kwa 90 kwenda juu aandikiwe siku ya kurudi zahanati kupimwa tena. Mjomba kasema yeye atakuwa wa kwanza kukaa kwenye hicho kiti ili wenzake wamuone.

Msomaji wenu,
Nanyamba, Mtwara