Malalamiko Kuhusu Safari ya Zermatt na Matamshi ya Mtumishi Wenu

Mwanga,
Kigoma.

Meneja Mkuu,
Makao Makuu ya Kampuni ya Safari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA ZA SAFARI YA ZERMATT, USWISI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, hivyo sitayarudia. Naomba nirejeshewe shilingi 3,000,000 nilizolipa awali ili mimi na mjukuu wangu twende kuteleza kwenye theluji. Risiti ninayo.

Sababu ni kaunta yenu ya Dar es Salaam. Nilishuka kwenye treni ya Kigoma na kuja kwenu moja kwa moja, bila hata kupita kwa ndugu zangu nikanawe uso, kwa kuwa mlisema nichukue faili la viza mapema. Miadi ya ubalozi ilikuwa saa nane mchana. Kijana wenu alifungua pasi yangu, akasoma mahali nilipozaliwa, akaifunga. Akasema kwa sauti: "Watu wa Kigoma nyie tunawajua. Kwanza tuhakikishe ni Watanzania kweli, halafu ndiyo tuongee habari za Uswisi."

Pasi hiyo imetolewa na Idara ya Uhamiaji ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kijana wenu anauza tiketi. Ni lini mlimpa kazi ya kuhakiki uraia? Alidai cheti cha kuzaliwa cha marehemu baba yangu, mtu wa Ujiji aliyezaliwa enzi za Mwingereza. Faili letu akalitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Saa nane ikafika, ikapita. Niliomba angalau anipe karatasi zangu nikimbie ubalozini mwenyewe, maana alama za vidole hazitumwi kwa basi kama kifurushi. Hakunijibu, alikuwa anachati.

Na kama ni kuhakiki, basi angeanza na kazi yake. Kijarida chenu kinasema Matterhorn ni "mlima mrefu kuliko yote Ulaya". Ndugu Meneja, mimi nimefundisha Jiografia. Matterhorn ina mita 4,478, na hata ndani ya milima ya Alps inapitwa na Mont Blanc, ambayo haiko Zermatt kabisa. Mpango wenu unaahidi gari kutoka uwanja wa ndege wa Geneva hadi mlangoni mwa hoteli. Gari gani? Zermatt magari ya mafuta hayaruhusiwi. Anayekuja kwa gari anaishia kijiji cha Täsch, kisha anapanda treni kama dakika 12. Nilipouliza hilo mwanzoni kwenye simu nilijibiwa, "Mama, wewe lipa tu, sisi ndio wataalamu." Baadaye nikagundua hoteli mliyotupangia iko hukohuko Täsch, kwa bei ya Zermatt.

Bima nayo. Inatimiza yuro 30,000 zinazotakiwa kwa viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, sawa. Lakini ukurasa wa nyuma, kwa herufi za sisimizi, umeondoa kuteleza kwenye theluji. Mtu anakwenda kuteleza kwenye theluji na bima isiyohusu kuteleza kwenye theluji! Nikivunjika mguu mlimani, helikopta itanidai mimi, si ninyi. Tarehe niliomba katikati ya Desemba, shule zimeshafungwa na bei za Krismasi bado. Mkatupeleka tarehe 26, wakati ghali kuliko yote. Ada ya viza ya mjukuu wangu wa miaka 9 ni yuro 45. Mmetoza 90, ada ya mtu mzima.

Huyo mjukuu ndiye anayenirudisha pale kaunta. Hakuhitajika kutoa alama za vidole, kwa kuwa hajafika miaka 12. Alikuja kwa furaha yake, amevaa koti zito katika joto la Dar. Kijana wenu alipotamka "Watanzania kweli", hakunitazama mimi, aliwatazama wateja wengine, nao wakacheka. Mama mmoja aliyekaa jirani yetu akavuta mkoba wake karibu. Nikasema, "Mwanangu, mimi nimesomesha watu wa umri wako." Akajibu, "Bi mkubwa, hata ng'ambo ya ziwa kuna walimu." Mtoto akanivuta mkono akauliza, "Bibi, kwani sisi si Watanzania?" Haya, Ndugu Meneja, nisaidie: ningemjibu nini mbele ya watu wale?

Kwa hiyo shilingi 3,000,000 peke yake hazitoshi tena. Naongeza ada zote za viza, nauli zetu za kwenda na kurudi, na barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na wewe, si na katibu muhtasi wako. Barua hiyo ibandikwe pia kwenye kaunta ileile.

Jambo jingine: kabla ya kufunga droo, kijana wenu alipiga picha pasi zetu kwa simu yake binafsi. Nataka maelezo ya maandishi picha hizo ziko wapi na nani amezipokea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na mwanafunzi wangu mmoja ni wakili hapa mjini.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, sitaandika tena kwenu. Nitaandika Tume ya Ushindani na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mahakamani nitadai fidia ya udhalilishaji, ambayo haitakuwa milioni tatu.

Faili letu litumwe Kigoma kwa gharama zenu, likiwa kamili.

Wenu mteja wa zamani,

Mwalimu mstaafu,
Mwanga, Kigoma.

Nakala: Wakili wangu.