Wiki mbili ni platri mbili tu

Bwana Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala yenu kuhusu wataalamu wa tiba ya viungo na tiba ya usemi ambao huomba likizo katika nchi zao, hujilipia tiketi na kwenda ng'ambo kuwahudumia bure watoto yatima wenye ulemavu. Makala iliandikwa kwa heshima, na picha zake zilikuwa nzuri. Hata hivyo, kwa kuwa nimefanya kazi ya kine, yaani tiba ya viungo, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa miaka kumi na tisa, na mara nyingi nimeitwa kuwa mkalimani kati ya wageni wa namna hiyo na akina mama walezi wanaosema Kiswahili na Mashi, ninaona kwamba mlisimulia nusu tu ya habari, ile nusu inayoishia mgeni anapopanda ndege kurudi kwao.

Sisemi wageni wasije. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wa utengemao, yaani tiba za kumrudishia mtu uwezo wa mwili wake, hawafiki hata kumi kwa kila watu milioni moja, na mwanamke yeyote wa Kadutu, mtaa wetu, aliyewahi kumfunga mtoto wa miaka minane mgongoni kwa kikwembe na kushuka naye mteremko hadi mahali penye kine anaijua takwimu hiyo bila kuisoma. Tuna kituo cha watu wenye ulemavu cha Heri Kwetu, ambacho wakazi wa mji huu wanakifahamu tangu zamani, na baadhi ya hospitali zina huduma, lakini watoto ni wengi kuliko mikono. Swali langu ni jingine: mtaalamu mwenye wiki mbili afanye nini ndani ya wiki hizo?

Chukueni mfano wa mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopinda kwa ndani. Njia inayotumika leo karibu duniani kote ni ile ya daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Mguu hunyooshwa kidogo kidogo kwa mkono, kisha hufungwa bandeji ngumu ya jasi, ambayo sisi huita platri, na platri hiyo hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano au sita. Baada ya hapo watoto wengi hukatwa kano nene ya kisigino kupitia tundu dogo, wakakaa na platri ya mwisho wiki tatu, wakavaa viatu vilivyounganishwa kwa ufito saa ishirini na tatu kwa siku kwa miezi mitatu, halafu kila usiku mpaka wafikie umri wa miaka minne au mitano. Viatu vikiachwa mapema, mguu hurudi kulekule. Hesabu ni rahisi: wiki mbili ni platri mbili tu.

Timu moja, ambayo sitaitaja kwa sababu ilikuwa na nia njema, ilianza kazi hiyo kwa watoto wanne katika kituo nilichokuwa nikikalimani. Ilipoondoka, platri ya pili ilikuwa bado miguuni. Mimi wakati huo sikuwa nimefundishwa njia hiyo, na hakuna aliyeniuliza kama ninaijua. Nilikuwa mdomo wa kutafsiri, basi. Tulizikata platri zile wenyewe siku ya ishirini na mbili, kwa kisu na maji ya vuguvugu, na kisigino cha mtoto mmoja kilikuwa kimechubuka hadi nyama. Ninajilaumu pia, kwa maana ningeweza kufungua kinywa siku ya kwanza, lakini nani humkatiza mgeni aliyevuka bahari kwa ajili yako?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi huwapa wageni wetu jembe asubuhi ya kwanza, kabla hawajaliona shamba.

Wengi wa watoto walioko katika vituo vyetu wana mtindio wa ubongo, ambao kwenye karatasi za hospitali huandikwa IMC, kifupi cha jina lake la Kifaransa. Wengine walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, wengine walipata manjano kali katika siku zao za kwanza, wengine meninjiti au malaria iliyopanda kichwani. Misuli ya mtoto kama huyo hukaza mchana na usiku. Mtaalamu hodari akimnyoosha nusu saa kila siku kwa siku kumi, amefanya jambo jema ambalo litakuwa limefutika kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu kinachoamua hali ya mtoto ni namna anavyokalishwa, anavyolazwa, anavyobebwa na anavyolishwa katika saa zile nyingine zote. Kulisha peke yake ni tiba. Mtoto akiwa amekaa wima, kichwa kimeinama kidogo mbele, kijiko kikiwa kidogo na mlezi akingoja ameze kwanza, uji hushuka tumboni. Akilazwa chali kichwa kikiwa nyuma, uji huingia mapafuni, na baada ya siku chache tunasema maskini amepigwa na baridi.

Msidhani akina mama walezi hawayajui haya. Nimemwona mama mmoja akiwa na watoto kumi na mmoja wa kulisha kabla ya sala ya asubuhi, watano kati yao wasioweza kukaa. Anawalaza kwa sababu ana mikono miwili. Mafunzo ya ukumbini, yenye picha ukutani na cheti mwishoni, hayamwongezei mkono wa tatu. Kiti kinachomshika mtoto kinamwongezea.

Mgeni aliyelielewa hilo alikuwa mama mmoja Mbelgiji, mtaalamu wa kuwasaidia watu kufanya shughuli zao za kila siku, aliyekuja mwaka 2018. Siku tatu za kwanza hakumgusa mtoto hata mmoja. Alifika saa kumi na moja alfajiri, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama. Masista walianza kunong'ona kwamba ni mvivu. Siku ya nne aliomba maboksi ya karatasi ngumu kutoka kwa wachuuzi wa soko la Kadutu, akaomba unga upikwe kuwa gundi, akawaonyesha walezi wawili na fundi seremala wa mtaa jinsi ya kubandika tabaka juu ya tabaka mpaka inakuwa kiti kigumu kinachofuata umbo la mtoto mmoja tu, jambo ambalo wenzetu wa Zimbabwe walilianza zamani. Mmoja wa walezi hao aliacha shule darasa la nne. Ndiye mwenye mikono bora kuliko yetu sote, nami nikiwemo na diploma yangu. Yule Mbelgiji alirudi 2019, na tena 2022, kwa watoto walewale na walezi walewale.

Kisha vita vikatufanyia mtihani ambao hakuna shirika lingethubutu kuupanga. Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, Bukavu katikati ya mwezi wa pili; viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu, karibu na Bukavu, vikafungwa, benki zikafunga milango, wageni wakakoma. Katika kituo kimoja palikuwa na viti vya magurudumu tisa vilivyoletwa kutoka Ulaya, vikubwa kwa watoto, vyenye magurudumu membamba yaliyotengenezwa kwa ajili ya sakafu laini na si kwa mawe na matope ya Bukavu. Mara ya mwisho nilipopita, vilikuwa vinaanikiwa nguo. Katika kituo cha maboksi, walezi walikuwa wametengeneza viti sita vipya bila mgeni yeyote, na unga wa ngano ulipopanda bei wakapika gundi ya muhogo. Walipokwama walimpigia yule Mbelgiji simu za video, intaneti iliporuhusu.

Kuna jambo ambalo makala yenu ililigusa kwa picha bila kulisema. Mtoto aliyemkumbatia mgeni dakika tano baada ya kumwona kwa mara ya kwanza hakuwa lazima anaonyesha upendo. Watoto waliokosa mtu wao mmoja wa kudumu mara nyingi humkimbilia yeyote anayeingia mlangoni, na kila anayeondoka baada ya wiki mbili huongeza jeraha lilelile. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti kutoka Marekani waliwafuatilia watoto wadogo 136 wa vituo vya Bucharest, Rumania. Nusu yao, kwa kura, walipelekwa katika familia za malezi. Matokeo yaliyochapishwa 2007 yalionyesha kwamba waliopelekwa katika familia walikua kiakili vizuri zaidi, hasa walioondolewa kituoni kabla ya kutimiza miaka miwili. Mwezi wa kumi na mbili 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilionyesha wasiwasi juu ya safari za kujitolea katika vituo vya yatima, kwa kuwa zinaweza kuchochea biashara ya watoto.

Na huko kuitwa yatima tukuangalie vizuri. Msichana mmoja niliyemhudumia aliandikwa yatima katika daftari la kituo. Mama yake yu hai, yuko Walungu, analima. Alimleta kwa sababu binti alikuwa mzito kwa mgongo, jirani walikuwa wameanza kusema ni mtoto wa kichawi, na kine ilikuwa mjini tu. Sheria yetu ya 2009 ya ulinzi wa mtoto inakataza tuhuma za aina hiyo, na ile ya Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, lakini sheria haimbebi mtoto kutoka Walungu. Kama mtaalamu wa kujitolea angetumia siku mbili tu kati ya siku zake kumfundisha mama huyo nyumbani kwake, kwa kiti cha boksi na karatasi moja ya mazoezi yenye michoro, kituo kingekuwa na kitanda kimoja kisichohitajika.

Kwa hiyo ninaviomba vituo vyetu viache kupokea timu isiyosema nani ataendelea na mtoto siku ya kumi na tano. Wageni nao ninawaomba waje wachache, warudi walewale, na watulipie sisi watu wa kine wa hapa mafunzo ya platri badala ya kutulipa posho ya ukalimani. Ile safari ya kwanza nilipewa dola ishirini kwa siku, na ninakiri nilizifurahia.

Nanyi, Bwana Mhariri, katika picha yenu kubwa mgeni ameandikwa jina na nchi, na mwanamke aliyemshika mtoto kwa nyuma ameandikwa "mlezi". Mkiwa na nafasi ya ukurasa mmoja, mimi na yule mama wa darasa la nne tuko tayari kuwaandikia, kwa Kiswahili na kwa michoro, jinsi ya kumlisha mtoto asiyeweza kukaa na jinsi ya kupika gundi ya muhogo isiyoota ukungu wakati wa mvua. Yeye atataka jina lake liandikwe lote.

Wenu,
Mtu wa kine na mkalimani,
Komine ya Kadutu, Bukavu