Mishi, ni kuhusu lile tangazo lenu la kazi

Mishi shoga yangu,

Assalamu aleikum. Natumai wewe na watoto na babake Swaleh hamjambo na hiyo baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba mnaivumilia. Huku sote wazima, mama anakusalimu sana, Bi Rehema katoka hospitali, presha imeshuka na juzi kaanza kugombana na watu wa maji, kwa hivyo tunajua amepona. Haya. Ningekurekodia voisi lakini hili jambo ni refu na nataka ulisome umetulia, ukiweza usilisome ukiwa kwa matatu.

Ni lile tangazo uliloweka kwa grupu Jumapili, la tawi lenu la huku Mombasa, mtu wa kukaa usiku kwa skrini na redio kufuatilia malori kutoka bandarini mpaka Malaba. Mishi, nilipolisoma nilimuona Bakari. Hiyo ndo kazi yake kabisa. Miaka yote ile ya Navy pale Mtongwe yeye alikuwa mtu wa redio, anasikiliza watu watatu wanaongea kwa pamoja, upepo unavuma, na akakuandikia kila mmoja kasema nini na saa ngapi. Na chini kabisa mmeandika kwamba nyinyi ni mwajiri wa nafasi sawa, watu wenye ulemavu na wanajeshi wa zamani wanahimizwa kutuma maombi. Yeye ni vyote viwili! Nikamfowadia hapo hapo.

Usiku akanipigia, sauti imepoa. Akaniambia, umesoma chini, juu hukusoma. Nikarudi nikasoma. Juu mnataka mtu awe na leseni ya kuendesha gari na awe "mkakamavu kimwili". Sasa shoga yangu, leseni ya nini? Mtu anakaa mezani, lori likisimama Mariakani muda mrefu kupita kiasi anampigia dereva amuulize kuna nini, likitoka njiani anampigia msimamizi. Hapo gari linaendeshwa wapi? Na ukakamavu wa nini, wa kubonyeza redio? Bakari ana mguu mmoja wake na mmoja wa bandia kuanzia chini ya goti, mikono yake mizima, macho mazima, kichwa ndo hicho unakijua. Mwenyewe huwaambia watoto wa mtaani mguu wa kulia ulistaafu mapema ndo maana wa kushoto unafanya ovataimu. Lakini akikutana na mistari miwili kama hiyo anafunga simu, haombi tena.

Na sababu anayo. Sijui kama nilikuhadithia ile intavyuu ya mwaka jana, kampuni moja ya Shimanzi, jina tuliache. Walimwita orofa ya nne, lifti imebandikwa karatasi kwamba ni mbovu, na ilikuwa ule msimu wa joto ambao hata sisi wa miguu miwili tunatafuta ukuta wa kuegemea. Akapanda, kule juu kafika shati limelowa, kigutu kimeanza kuchubuka ndani ya ile soketi, pale mguu wa bandia unapovaliwa, na unajua kikichubuka ni siku kadhaa havai ule mguu. Hajapewa hata maji. Swali la kwanza likawa, "hebu tembea mpaka dirishani urudi tuone." Akatembea, Mishi. Mtu aliyeenda Kismayo 2012, akatembea mpaka dirishani akarudi huku watu watatu wanamwangalia magoti. Kuhusu redio hakuulizwa hata neno moja. Mwisho wakamwambia kwa mtu aliyetoka jeshini wangempa kazi ya ulinzi getini, bahati mbaya ndo huo mguu.

Hapo ndo huwa nashikwa na hasira mpaka leo. Wakimuona mwanajeshi wanaona geti. Wakiona mguu wanaona hata geti halimfai. Ile kazi aliyoisomea na kuifanya miaka yote katikati haionekani na mtu.

Watu wakamwambia ashtaki, kwa sababu Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 5 imekataza kumbagua mtu kwa ulemavu, hata yule ambaye ndo kwanza anaomba kazi, na ikifika kwenye kesi mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Yeye akasema anataka mshahara, hataki kesi. Siwezi kumlaumu, ana watoto wa kusomesha.

Sasa rudi kwa tangazo lenu. Nilimbembeleza mpaka akafungua ile fomu ya mtandaoni, tukakaa naye hapa barazani, mimi nasoma yeye anajaza. Tukafika ukurasa wa kuulizwa kama una ulemavu, kuna majibu matatu, ndio ninao au niliwahi kuwa nao, hapana, au sitaki kujibu. Akaniuliza nitiki ipi. Kisha ukurasa unaofuata ukauliza kama yeye ni mwanajeshi wa zamani "anayelindwa", akafurahi, akataka kutiki. Nikamwambia ngoja kwanza.

Nimeisoma hiyo habari, kwa sababu makao yenu makuu yako Marekani, na hizo kurasa zimetoka kule. Kampuni zenye kandarasi na serikali kuu yao zinabanwa na sheria ya 1973, kifungu cha 503, zitafute na kuajiri watu wenye ulemavu, na mwaka 2014 ziliwekewa lengo la asilimia 7. Ya wanajeshi ni sheria nyingine ya 1974, ya kwanza kabisa ilitungwa kwa ajili ya waliorudi kutoka Vietnam. Lakini inayemlinda ni aliyetumikia jeshi la Marekani. Navy ya Mtongwe haimo. Ilibidi nimwambie, na uso wake ulivyobadilika sikupenda. Kwa hivyo ule mstari wenu wa chini nusu yake huku haumfikii mtu yeyote wetu, isipokuwa nyinyi wenyewe muamue unamfikia.

Na ile fomu ya ulemavu yenyewe imesema wazi kwamba kujibu ni hiari na wanaoamua nani aajiriwe hawataliona jibu. Ni ya kuhesabu tu. Vizuri, hawamhukumu kabla hawajamuona. Lakini Mishi, fikiria na upande wa pili: ikiwa hamlioni, basi siku ya intavyuu mtamwita orofa ya nne vile vile, na lifti ikiwa mbovu atapanda vile vile. Anayehitaji mpango wa kumrahisishia lazima aseme pembeni, kwa mtu, na kwa tangazo lenu hakuna namba wala imeili ya kumwambia mtu. Nimetafuta.

Na si lazima mfuate ya Marekani. Ya hapa kwetu ipo na inawahusu. Katiba, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa ulemavu. Ile Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu iliyotiwa saini Mei 2025 inataka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 kwenda juu, awe wa serikali au wa binafsi, atenge angalau asilimia 5 ya nafasi. Nyinyi mko wangapi? Mkiwa mia, hao ni watano. Wako wapi? Na tangu ile ya zamani ya 2003 mwajiri akitengeneza rampu au choo au meza kwa ajili ya mfanyakazi mwenye ulemavu alikuwa na haki ya kuomba nusu ya gharama hiyo itolewe kwenye mapato yake yanayotozwa kodi. Bosi wako wa hesabu najua hapo atasikiliza. Bakari yeye keshapimwa hospitali ya Makadara, kadi ya Baraza la Watu Wenye Ulemavu anayo, makaratasi yote yako kwa faili.

Kwa hivyo ombi langu ni hili, na naliomba kwako wewe kwa sababu wewe ndo uko hapo ndani. Sikuombi umpitishe. Wallahi simtaki mtu aseme Bakari kaingia kwa mgongo wa Mishi, shoga yake Zuhura, na yeye mwenyewe atakataa. Nakuomba uitoe ile laini ya leseni na ile ya ukakamavu kabla tangazo halijafungwa Ijumaa, kwa sababu wako na wengine kama yeye ambao wamesoma juu wakafunga simu na hata hatuwajui. Uweke namba ya mtu wa kupigiwa akihitaji mpango wowote. Na siku ya intavyuu muwakalishe wote kwa redio na skrini, wote, mwenye mguu na asiye na mguu, muwape lori lililopotea njiani muone nani analipata.

Fomu yake bado haijatumwa, iko hapa kwa simu yangu imehifadhiwa, anasema anangojea nikuulize wewe kwanza.

Basi niambie: hiyo leseni ilitiwa na nani, ni nyinyi Nairobi au imenakiliwa tu kwa tangazo la zamani? Ofisi ya huku iko orofa ya ngapi, na lifti inafanya kazi? Aandike kuhusu mguu kwenye barua ya maombi au asubiri akiitwa, wewe ukiwa unazisoma ungependa ipi? Zamu inabadilishwa saa ngapi, maana akitoka Likoni usiku na maji yamekupwa ile rampu ya feri inakuwa mteremko mkali na mvua ikinyesha inateleza, lazima atoke nyumbani mapema. Na mshahara ukianza, hao wenu wa pejiroli wanakijua kile cheti cha KRA cha msamaha wa kodi kwa wenye ulemavu, au tuje nacho tuwaeleze?

Nipigie hata usiku, niko macho mpaka saa tano.

Wako,
Zuhura