Waridi la Rangi ya Aprikoti Linapopauka na Kukosa Harufu: Maelezo kwa Wateja wa Kitalu Chetu

Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, kitalu chetu hapa Arusha hupokea malalamiko ya aina moja kutoka kwa wateja walionunua miwaridi ya rangi ya aprikoti. Ua lililochanua mwezi wa Julai likiwa na rangi nzito inayokaribia shaba sasa linachanua likiwa na weupe wa maziwa, ni dogo kuliko lilivyokuwa, na ile harufu iliyomfanya mteja anunue mche haipatikani hata akilisogeza ua puani. Wapo wanaodhani kwamba tuliwauzia mche usio wenyewe. Mara nyingi mche ni ule ule, na kilichobadilika ni joto, jua na saa ambayo mwenye bustani huliendea ua lake. Hata hivyo, iko hali moja ambayo mteja ana haki ya kushuku, na ni vema tuanze na hiyo.

Miwaridi mingi tunayouza imebebeshwa, maana yake ni kwamba jicho la aina inayotakiwa limeunganishwa kwenye shina la chini la mwaridi mwingine wenye mizizi imara. Katika mashamba ya maua ya Afrika Mashariki, shina linalotumika sana kwa kazi hiyo ni la Natal Briar. Shina hilo likiachwa litoe machipukizi yake chini ya kifundo cha muungano, machipukizi hayo hukua kwa kasi na kuinyima chakula aina iliyobebeshwa, hadi baada ya misimu michache mteja anabaki na kichaka cha maua madogo ambayo hakuyanunua. Wengi huambiwa kwamba tawi lenye vijani saba katika kila jani ni la shina la chini na lenye vijani vitano ni la aina nzuri. Kanuni hiyo si ya kutegemewa, kwa kuwa aina nyingi nzuri za bustani nazo hutoa majani ya vijani saba. Kinachotegemewa ni mahali tawi lilipoanzia: fukua udongo taratibu hadi kwenye chanzo chake, na ikiwa limetoka chini ya kifundo, livute ling'oke na kisigino chake, kwa sababu likikatwa tu usawa wa ardhi hurudi likiwa matawi mawili au matatu.

Ikiwa kifundo ni safi na matawi yote yametoka juu yake, basi mche ni wenyewe, na inafaa kuelewa tabia ya rangi hii. Mfano ambao wapenda mawaridi wengi wanaujua ni 'Just Joey', waridi la haibridi ti (kundi la mawaridi ya kisasa yenye maua makubwa) lililotolewa mwaka 1972 na kitalu cha Cants cha Colchester, Uingereza, ambako Roger Pawsey alilizalisha na kulipa jina la mke wake. Mmoja wa wazazi wake ni 'Fragrant Cloud', waridi jekundu la Ujerumani linalosifika kwa harufu, na mwaka 1994 Shirikisho la Dunia la Vyama vya Waridi lililiingiza katika orodha yake ya mawaridi yanayopendwa zaidi duniani. Kichaka chake hakizidi sana mita moja, kwa hiyo hakimezi bustani ndogo, na petali zake zina kingo za mawimbi ambazo hufunguka kwa ulegevu badala ya kubana kama tumba la dukani.

Rangi ya aprikoti hutokana na aina mbili za rangi asilia zinazokaa pamoja ndani ya petali: karotenoidi, ambazo huleta unjano na uchungwa, na anthosiani, ambazo huongeza wekundu na kulifanya ua lielekee shaba. Joto likizidi, mmea hutengeneza anthosiani kidogo, na jua kali huendelea kuzivunja karotenoidi kadiri ua linavyofunguka. Ndiyo maana ua la Julai, mwezi ambao baridi ya Mlima Meru hushuka hadi mjini, huwa na rangi iliyokolea, na ua la Februari huanza na chungwa hafifu asubuhi na kumaliza siku likiwa limepauka. Hakuna mbolea inayoweza kuzuia jambo hilo, na ningemshauri mteja asimwamini muuzaji anayemwambia kwamba ipo.

Harufu ina habari ndefu zaidi. Mawaridi mengi yanayofungwa kwenye maboksi kwenda Ulaya hayana harufu ya maana kwa sababu kwa miaka mingi wazalishaji wamechagua aina zinazodumu kwenye chombo cha maua na kustahimili safari, na harufu imeachwa njiani. Mwaka 2015 watafiti waliofanya kazi zao Ufaransa walionyesha kwamba kimeng'enya kiitwacho RhNUDX1 ndicho kinachosaidia petali kutengeneza jeranioli, mojawapo ya viini vikuu vya harufu ya waridi, na kwamba katika mawaridi yasiyo na harufu kimeng'enya hicho hakifanyi kazi ipasavyo. Kwa hiyo uwezo wa kunukia umo ndani ya aina yenyewe, wala hauwezi kuongezwa kwa matunzo. Matunzo yanaweza tu kuulinda. Mawaridi ya njano na aprikoti yana jambo moja la ziada, kwamba karotenoidi zinapovunjika hutoa viini vyenye manukato ya matunda, na hiyo ndiyo sababu harufu yake inakumbusha tunda bivu kuliko marashi.

Manukato hayo ni mafuta yanayoruka hewani, na jua la saa sita mchana huyamaliza upesi kuliko petali zinavyoweza kuyarudisha. Wachumaji wa waridi la kutengenezea marashi, wawe wa Kazanlak nchini Bulgaria au wa Jabal Akhdar nchini Oman, hutoka kuchuma alfajiri kabla jua halijapanda. Mteja anayerudi kutoka kazini saa kumi jioni na kunusa ua lililoshinda juani amechelewa; na alinuse saa moja au mbili asubuhi, wakati umande unakauka na hewa imeanza kupata joto kidogo, kabla ya kuhukumu.

Kutokana na hayo, uamuzi mkubwa kuliko yote katika bustani ndogo ni mahali pa kupanda. Mwaridi unahitaji jua la saa sita kwa siku, na kwa waridi la aprikoti tunapendelea saa hizo ziwe za asubuhi, kisha kivuli chepesi kifike kuanzia saa nane mchana. Upande wa mashariki wa nyumba unafaa sana. Upande wa magharibi, karibu na ukuta wa tofali za saruji au uzio wa bati, ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu ukuta hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha kwenye ua hata jua likishapungua. Acha angalau sentimita 50 kati ya mche na ukuta, na sentimita 70 kati ya mche mmoja na mwingine, hata kama nafasi hiyo itaonekana ya kupoteza katika uwanja wa hatua chache. Hewa isiyopita huleta ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu unaofunika majani kwa unga mweupe, na ubwiri unga hupenda usiku wa baridi unaofuatwa na mchana mkavu, hali ambayo wakazi wa Ilboru wanaijua.

Udongo wa volkano wa sehemu za juu za Arusha unapitisha maji vizuri, na shimo la sentimita 50 kwenda chini na 50 upana, likichanganywa ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, linatosha. Kwenye udongo mweusi wa mbuga unaoshika maji, inua tuta la sentimita 30 kabla ya kupanda. Asiye na ardhi anaweza kutumia chombo cha lita 40 au zaidi chenye matundu chini. Ndoo ya lita 20 ni ndogo mno na hupasha mizizi joto.

Ugonjwa wa madoa meusi unastahili tahadhari ya pekee kwa rangi hii. Mwaka 1900, huko Lyon, Ufaransa, mzalishaji wa mawaridi Joseph Pernet-Ducher alitoa waridi 'Soleil d'Or', lililopatikana kwa kuchanganya damu ya waridi la njano la Uajemi, na kupitia uzao huo rangi za njano, chungwa na aprikoti ziliingia katika mawaridi ya haibridi ti. Pamoja nazo uliingia udhaifu wa majani mbele ya kuvu wa madoa meusi. Kuvu huyo huhitaji jani libaki na unyevu kwa takriban saa saba ndipo aweze kuingia, kwa hiyo kumwagilia juu ya majani jioni ni kumpa usiku kucha. Mwagilia asubuhi, chini ya shina, kiasi cha lita kumi kwa mche mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, na tandaza nyasi kavu ili matone ya mvua ya masika yasirushe udongo kwenye majani. Majani yenye madoa yaokotwe na kuchomwa, wala yasitiwe kwenye mboji.

Kingo za petali zikiwa na michirizi ya kahawia na matumba yakikataa kufunguka, chunguza vithiripi, wadudu wembamba wanaopenda maua ya rangi za mwanga. Fungua ua juu ya karatasi nyeupe na uligonge, nao wataonekana wakitembea. Kata maua yaliyoathirika na uyatoe bustanini kabla ya kufikiria dawa.

Ua likinyauka, likate juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano linaloelekea nje ya kichaka, na ua lingine litafuata baada ya wiki sita hadi nane kulingana na joto. Kwa kuwa hapa kwetu mwaridi haulali kwa baridi, upogoaji mkubwa tunaufanya sisi kwa mkasi mwishoni mwa Julai, tukiacha matawi matatu hadi matano yenye afya na kuyapunguza hadi nusu ya urefu wake.

Mteja mwenye lalamiko tunamwomba alete tawi lenye majani pamoja na picha ya kifundo cha muungano, kwa kuwa ua peke yake halituonyeshi kama tatizo ni joto, wadudu au shina la chini. Ikibainika kwamba mche uliotoka kwetu si wa aina iliyoandikwa kwenye lebo, tunaubadilisha bila malipo.