Waja leo, waondoka leo

Korogwe,
Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Uliponipigia simu kunipa habari za kazi ya ukarani wa mizigo pale bandari ya Tanga, nilimshukuru Mungu. Kisha ukaniuliza, "Mama, kwani Tanga kukoje kuishi?" Nikakujibu kuzuri, tukahamia kwenye kikohozi cha mjukuu wangu. Najua jibu lile halikukutosha. Wewe ni mzaliwa wa Tanga, lakini uliondoka umebebwa mgongoni, na tangu hapo umefika kwa shughuli za kutwa tu: hospitali ya Bombo, michezo ya shule, basi. Nyumbani kwetu mji ule haukuwa ukizungumzwa. Kwa hiyo jana nimekwenda kuutazama kwa ajili yako, nikifuatana na Mama Zuhura. Tulipanda basi la asubuhi, tukarudi magharibi. Wenyewe husema Tanga waja leo, waondoka leo, na sisi ndivyo tulivyofanya.

Mama Zuhura unamjua kama mwenye genge la nyanya sokoni Manundu. Kabla ya genge, alikuwa mwenzangu kiwandani. Tulisimama mashine moja ya kusokota kamba, na tulipanga nyumba moja Ngamiani, vyumba vyetu vikitazamana kwenye ukumbi. Usiku uliozaliwa wewe, mwishoni mwa 1997, mvua za El Nino zilikuwa zimejaza barabara maji hata taksi hazipiti, na ni yeye aliyekupokea kwa mikono yake kabla mkunga hajafika. Ndiyo maana nilipomwambia nakwenda Tanga kukutazamia makazi, alifunga genge bila kuuliza neno, jambo asilolifanya hata akiwa na homa.

Toka Segera mpaka Pongwe bado utaona mkonge. Nilikaa dirishani nikautazama. Msimamizi wetu kiwandani alipenda kutusimulia kwamba Dakta Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, na hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote haya. Kwa ajili ya mashamba hayo babu yako mzaa baba aliletwa kutoka Kasulu na mkataba wa manamba, kijana hajaota ndevu, akakata majani mpaka uzee. Katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka na hakuna nchi iliyotushinda. Wazungu walikuwa wakifungia majani makavu ya ng'ombe wao kwa kamba zetu. Zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, mashamba yakataifishwa kisha mengi yakakosa wa kuyapalilia, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 tulibaki na kama tani 20,000. Nakuandikia hesabu hizi kwa makusudi. Nimechoka kusikia watu wakisema Tanga ililala, kana kwamba watu wake walipenda usingizi. Mimi nilikuwepo. Watu walikuwa wakiamka saa kumi na moja alfajiri, barabara imejaa baiskeli na kengele zinalia mpaka langoni. Kilichokosekana ni kazi.

Kiwanda chetu kilisimamisha mashine 1998. Tuliambiwa tusubiri, tukasubiri. Baba yako, Mungu amrehemu, aliendelea kwenda langoni kila asubuhi na wenzake kuulizia mafao, mpaka siku moja wakakuta mlinzi mpya ambaye hakuwa akimjua hata mmoja wao. Jioni ile aliuza baiskeli yake, akalipa kodi tuliyokuwa tukidaiwa, na kilichobaki kikatosha nauli ya kuja kwa baba yake huku Korogwe. Hakurudi tena. Wewe unakumbuka alivyokuwa akisikiliza mechi za Coastal Union kwenye redio huku amefunga macho. Alikuwepo Mkwakwani 1988, mwaka Wagosi wa Kaya walipochukua ubingwa, na bado miaka yote aliyoishi hapa, mwendo wa saa chache tu kwa basi, hakutaka kwenda uwanjani. Nami nikanyamaza pamoja naye, kwa kumstahi. Alipofariki nikawa nimeshazoea kunyamaza.

Sasa nikwambie tuliyoyaona.

Basi linakushusha Kange, nje ya mji, na hapo bajaji watakugombania. Wakikutajia bei, tembea hatua chache mpaka kwenye daladala. Mama Zuhura alisisitiza tushuke Ngamiani kwanza. Mimi nilitaka twende moja kwa moja bandarini, nikaone hicho kilichotupeleka, lakini shoga yangu ukimshika mkono ndiye anayekuongoza. Barabara za Ngamiani bado zinaitwa kwa namba zao na zimenyooka vilevile, hupotei hata ukitaka. Baiskeli bado zipo, wazee hasa, wengine na kapu la samaki nyuma. Vijana wamehamia kwenye bodaboda. Muadhini alipoadhini adhuhuri nilijikuta nimegeukia upande uleule niliokuwa nikigeukia zamani.

Nyumba yetu haipo. Mahali pake pamesimama ghorofa, chini maduka ya vipuri vya pikipiki, juu sijui nini. Nilikuwa nimejiandaa kuikuta imechakaa, bati limetoboka, chokaa imebanduka. Sikuwa nimejiandaa kutoikuta kabisa. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikijaribu kupima kwa macho kilipokuwa chumba chetu, kilipokuwa kisima cha uani, nikashindwa. Mama Zuhura aliingia dukani akamsalimia muuzaji, akamweleza kwamba hapo alipoweka rafu ya matairi ndipo alipokuwa akipika maandazi. Kijana yule alikuwa na adabu kweli. Alitutolea viti na maji baridi, akataka kujua uani palikuwaje na nani walikuwa wakikaa humo. Shoga yangu akamhesabia wapangaji wote, chumba kwa chumba, na huyu alikuwa wa wapi, na yule aliimba taarabu kwenye kikundi cha Black Star kabla hajaolewa. Nami nilipoona kuna mtu anasikiliza, nikaanza kuchangia. Nilisema mambo ambayo wewe mwanangu hujawahi kuyasikia kinywani mwangu. Hapo ndipo niliponuia kukuandikia.

Nyumba ya pili kutoka pale imesalia, ile ya fundi viatu. Mwenyewe yupo, haoni tena, anakaa barazani na kahawa yake. Mama Zuhura alisema "hodi" mara moja tu, mzee akamtaja kwa jina. Mimi nilipomwamkia akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na yule mtoto wa mvua?" Nikamwambia ni mtu mzima, ana mtoto wake, anakuja kufanya kazi bandarini. Akasema, "Aje anisalimie." Nenda ukamsalimie, mwanangu. Usichelewe.

Tulikula pale karibu na soko la Ngamiani, mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga, kisha kahawa na kashata. Chakula cha Tanga sina la kukielezea, utakula mwenyewe.

Bandari sasa. Tulikaa bustani ya Jamhuri, ambapo bahari iko mbele yako na kisiwa cha Toten kule ng'ambo. Enzi zetu meli kubwa haikuwa ikisogea ukingoni, maji yalikuwa machache. Ilitia nanga mbali, na mizigo ikashushwa kwenye matishari yakivutwa na boti mpaka gatini. Marobota yetu ya kamba yaliondoka hivyo hivyo, yakipakiwa mara mbili, na kila siku ya ziada meli inayokaa ni gharama. Wenye mizigo wengi walikuwa wakiikimbia bandari ya Tanga kwa sababu hiyo. Sasa wamechimba kina mpaka mita 13 na kujenga gati la mita 450, na jana niliona kwa macho yangu meli imejibanza ukutani, kreni inanyanyua makontena na kuyaweka chini, mojamoja. Nilikaa nikitazama kazi hiyo muda mrefu. Baba yako angeikalia mpaka usiku. Hao makarani wenye koti za kung'aa na vishikizi vya karatasi mkononi nimewaona, na wanawake wamo. Nikasema, ndiye mwanangu huyo.

Nilifurahi, na naomba uniamini. Nilidhani moyo utakuwa mzito nikiona mji umepata kazi baada ya sisi kuondoka, haukuwa hivyo. Kilichonisumbua ni kingine. Pale bustanini Mama Zuhura alianza kupanga: utapanga Ngamiani, barabara ileile, utakula kwa yule mama wa mihogo, mtoto atasoma chuo kilekile walichosoma wanawe. Anakupenda kama mwanawe na alisema kwa mapenzi. Nami nikamwambia hapana. Huendi Tanga kuendeleza maisha yetu pale yalipokatika. Maisha yale yalikuwa yetu, mimi na baba yako na yeye, na tuliyaishi. Wewe una mji wako pale pale, na hujauona bado. Nisingependa ukae chumba chenye joto, mbali na kazi, eti kwa sababu mama yako aliwahi kupika uani karibu na hapo. Tulibishana mpaka muuza kahawa akacheka. Mwisho shoga yangu akanikubalia, kwa sharti kwamba Ijumaa utakwenda Ngamiani kusalimia watu. Hilo nami nimeliridhia.

Kwa hiyo tulikwenda Chumbageni. Kuna mama mmoja, mjane, ana vyumba viwili vya uani vyenye maji ndani na geti lake. Kutoka pale kwenda bandarini ni safari fupi, na ukitoka kazini usiku hupiti vichochoro. Raskazone ni kuzuri, miti na upepo, lakini kodi yake si ya karani anayeanza. Ukipata nafasi mpeleke mtoto ufukweni kule siku moja umsimulie kisa alichokipenda babu yake: Novemba 1914 Waingereza walishusha askari wao wa Kihindi Raskazone kuja kuuteka mji, na vita vilipopamba moto nyuki nao wakatoka wakawauma, wakarudi mbio baharini. Baba yako aliposimulia alikuwa akipiga mpaka mlio wa nyuki.

Yule mama anasema nyumba zimepanda tangu waje watu wa bomba la mafuta, lile la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 mpaka Chongoleani, hapo Tanga. Alianza kwa kutaka kodi ya miezi sita. Mama Zuhura akaketi, akaomba maji ya kunywa, akaulizia watoto, akaulizia ukoo, wakagundua wana shangazi mmoja Pangani. Tulipoondoka ilikuwa miezi mitatu. Nimemwachia kianzio kidogo ili asimpe mwingine, usihangaike kunirudishia.

Mambo ya kuangalia ni machache. Maji ya bomba yanakuja vizuri, lakini nunua pipa. Joto la Januari si la Mwanza, hewa ya pale ina chumvi na unyevu, na mtoto mwenye kifua afunguliwe dirisha usiku, kuna wavu. Samaki nunua asubuhi Deep Sea wanaposhusha, wakifika mjini wamepanda bei. Watu wa Tanga watakusalimia kwa kirefu na watataka kujua wewe ni wa nani. Usione wanakuchimba. Wajibu. Sema wewe ni wa nani, taja jina la baba yako na kiwanda alichofanya kazi, wapo watakaomkumbuka.

Kuhusu mtoto, najua unawaza nani atabaki naye ukiwa zamu. Usitafute msichana wa kazi kwa pupa. Nitakuja mimi. Nimeshaongea na dada yako atazame kuku na shamba, na Mama Zuhura amesema atapokea pesa zangu za kikoba. Nitakaa mwezi wa kwanza, na ukinihitaji nitakaa na wa pili. Nimeona kwa macho kwamba chumba kile cha pili kinaingia kitanda cha futi tatu na nusu na bado unapita.

Nijibu mambo mawili. Unaripoti kazini tarehe ngapi, maana mama mwenye nyumba anataka kupaka rangi kwanza? Na godoro unalo huko, au ninunue hapa Korogwe nije nalo juu ya basi?

Mbusu mtoto. Mama Zuhura anakusalimu sana, na anasema usisahau Ijumaa.

Mimi mama yako